Mshona magunia wa Panda aliyewapima watu wa kadi kabla ya kuwaamini

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya Ijumaa. Nyuma ya soko la Panda, mjini Likasi, Marceline Kabongo amepiga magoti kando ya mfereji na anageuza gunia, ndani kunakuwa nje. Analikung'uta mara tatu. Kwanza linatoka vumbi la kijani, kisha jeusi, na upepo unalipeleka mpaka kwenye ukuta wa karakana ya zamani.

"Ya kijani ni shaba," anasema bila kuinua kichwa. "Ile nyeusi ni kobalti. Ukikaa hapa siku mbili, utakohoa rangi."

Anachomoa sindano ndefu aliyokuwa ameichomeka kwenye kilemba chake, anaitia uzi wa nailoni, na kuanza kuziba tundu lenye ukubwa wa kiganja. Gunia hili lilibeba mawe kutoka machimbo ya Kamatanda mpaka likapasuka. Atakapomaliza, litarudi Kamatanda kubeba mawe mengine.

Marceline ana miaka thelathini na tisa na watoto wanne. Kazi yake ni kununua magunia yaliyotoboka, kuyafua, kuyashona na kuwauzia wachimbaji. Gunia bovu ananunua kwa faranga mia mbili, lililoshonwa anauza kwa mia saba. Siku nzuri anashona ishirini. Siku mbaya vidole vinavimba, na kumi tu ni kazi kubwa.

Lakini leo mikono inashona huku macho yakienda barabarani. Yanarudi kwenye uzi, kisha yanaenda tena.

Anamsubiri Damas.

Shingoni mwa Marceline kunaning'inia mfuko mdogo ulioshonwa kwa kitambaa cha gunia, na ndani yake mna kadi tatu. Mbili zimejaa. Ya tatu imebakiza chumba kimoja, cha thelathini na moja, nacho kinajazwa leo. Kikijazwa, Damas, mtu wake wa kadi, anatakiwa kumkabidhi akiba ya miezi mitatu, na jioni hii hii Marceline anataka kwenda kununua mashine ya kushona.

Mashine hiyo iko kwa Mama Angèle, fundi nguo anayehamia Kolwezi kwa binti yake. Lori lake linaondoka kesho asubuhi. Kuna mshona viti vya magari ambaye naye anaitaka, na pesa anazo. Mama Angèle amempa Marceline mpaka leo jua likitua.

"Alisema Ijumaa, na Ijumaa njo hii," Marceline anasema. "Kesho mashini itakuwa ya muntu mwingine."

Kwa msomaji asiyejua, kadi za Likasi ni hivi. Mtu wa kadi anapita sokoni kila siku. Anakuuzia kadi ya karatasi ngumu yenye vyumba thelathini na kimoja. Unachagua kiasi chako, faranga mia tano, elfu moja au elfu tatu, na kila siku unatoa hicho hicho. Yeye anatia sini, yaani sahihi yake, kwenye chumba cha siku ile. Mwisho anakurudishia vyote isipokuwa chumba cha kwanza, ambacho ni malipo ya miguu yake. Jumapili watu wanaenda kusali, kwa hiyo Jumamosi unatoa mara mbili.

Siku hizi watu wa kadi wamekuwa wengi na kila mmoja anawavuta wateja kwa zawadi. Ukijaza bila pengo unapata sufuria, kitenge au beseni. Wengine wanaahidi televisheni. Wamama wanachagua kadi kwa kuangalia zawadi, kama mtu anayechagua nyanya juu ya fungu bila kugeuza ya chini.

Marceline pia alichagua hivyo.

Miaka miwili iliyopita alipita kijana anayeitwa Elie, mwenye suruali iliyopigwa pasi na kadi za rangi. Zawadi yake ilikuwa beseni kubwa la aluminiamu, lile la kufulia. Kwa mtu anayefua magunia kila siku, beseni lile lilikuwa ndoto. Ila Elie aliweka sharti. Kadi ikikunjwa au ikichafuka, zawadi hakuna.

"Mikono yangu unaiona," Marceline anasema na kuinyoosha. Mistari ya viganja ni ya kijani, kucha ni nyeusi. "Hata nikioga na sabuni mbili, rangi inabakia. Siku ya pili tu kadi ilikuwa na vidole vyangu. Elie akatikisa kichwa. Akasema, mama, ile beseni unaipoteza."

Basi Marceline akafanya jambo ambalo yeye na wenzake wa magunia waliliona ni akili. Alimwachia Elie kadi mpya aitunze yeye, ili isipate doa. Kila siku alitoa elfu mbili, na Elie alitia sini kwenye kadi ambayo ililala kwenye mkoba wa Elie. Wanawake kumi wa mfereji walifanya vivyo hivyo.

Wiki ya nne Elie hakuonekana tena.

Walipokwenda kwa mkuu wa mtaa, wauza unga na wauza mboga walifika na kadi zao mkononi. Kaka mkubwa wa Elie, mtu wa haya, aliuza pikipiki ya mdogo wake na kuwalipa nusu nusu kwa kuhesabu vyumba. Wanawake wa magunia walikuwa na maneno tu.

"Mkuu wa mtaa akaniuliza, mama, kadi iko wapi? Nikajibu, iko safi sana, iko kwa Elie." Marceline anaacha sindano ili acheke vizuri. "Batu bote bakacheka. Hata minye, mimi mwenyewe, nilicheka. Nikalia ku nyumba."

Saa tatu inafika. Ndiyo saa ya Damas. Kwa siku tisini na mbili, Jumapili tu zikitolewa, kengele ya baiskeli yake imesikika kwenye kona ya mashine ya kusagia saa hiyo hiyo. Leo kwenye kona kuna mbuzi mmoja na mwanamke anayefagia.

"Atakuya," anasema Émérence, anayeuza samaki wakavu hatua nne kutoka kwa Marceline. "Pengine tairi imepasuka."

"Sijasema kitu, yaya," anajibu Marceline, kwa maana ya dada mkubwa.

"Mudomo haujasema. Ile shingo yako njo inasema. Itageuka nyuma kama ya bundi."

Sababu ya shingo hiyo si ndogo. Wiki mbili zilizopita, kampuni moja ya kadi iliyojiita Nyota Bonus ilifunga ofisi yake karibu na soko. Asubuhi wateja walikuta kufuli. Kadi zake ndizo zilizokuwa nzuri kuliko zote, zinang'aa, na upande wa nyuma zina picha za sufuria, feni na pikipiki nyekundu. Kijana aliyezipitisha, Bertin, simu yake iliita siku mbili, halafu ikaacha kuita.

"Banamutafuta mpaka leo," anasema Émérence. "Kitanda kya Buluo kinamungoja." Buluo ndiko iliko jela kubwa, na hapa Panda neno hilo moja linatosha kumtisha mtu.

Émérence mwenyewe alikuwa na kadi ya Nyota Bonus. Alipoteza faranga elfu saba tu, na anasema ni kwa sababu alimsikiliza jirani yake.

Jirani huyo alikuwa amekwisha kumpima Bertin.

Baada ya Elie, Marceline alikaa mwaka mzima bila kadi. Alificha pesa kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda. Lakini pesa ya nyumbani ina miguu. Mtoto anaumwa, shemeji anafika bila taarifa, sabuni inaisha. Mumewe Fidèle, mlinzi wa usiku kwenye kiwanda, akipewa mshahara leo, kesho anakopwa na ndugu. Mwisho wa mwaka kopo lilikuwa na elfu kumi na moja na kifungo cha shati.

"Nikajua nahitaji muntu wa kadi," anasema. "Lakini sikujua ni nani. Sura zao zote nzuri. Bote banasema mama, mama. Nikasema, nitabapima kama vile ninapimaka gunia."

Gunia analipimaje? Anajibu kwa mikono. Anachukua gunia lililokwisha kushonwa, anaingiza ngumi zote mbili na kuvuta kwa nguvu mpaka mshono unalia. "Mushono mubaya ni heri ukatike hapa kwangu. Ukikatika kule juu ku mugongo ya muntu, mawe itamuangukia miguu."

Basi mwezi wa tano mwaka huu alinunua kadi tatu kwa mpigo, kila moja ya faranga mia tano. Moja ya Bertin, kwa ajili ya ile picha ya nyuma. Moja ya msichana wa kadi za simu, ambaye zawadi yake ni salio la kupiga na ujumbe unaothibitisha kila malipo. Na moja ya Damas, ambayo ni kipande cha katoni kilichochorwa kwa rula, na zawadi yake ni kilo ya sukari na mche wa sabuni, kwa atakayejaza kadi tatu mfululizo bila pengo.

Hakumwambia mtu. Siku ya tisa akavunja zote. Kuvunja kadi ni kudai pesa yako kabla haijajaa. Ni haki ya mteja, lakini watu wa kadi hawaipendi, na wamama wengi wanaona aibu kuitumia.

Msichana wa simu alilipa baada ya siku mbili. Ila alikata vyumba viwili badala ya kimoja, na kuhusu cha pili alisema ni cha mtandao.

Bertin alitabasamu. "Mama Marceline, weye ni mama yangu. Kuya Jumatatu ku biro." Akaenda ofisini Jumatatu. Akaambiwa mkubwa amesafiri, arudi Jumatatu nyingine. Jumatatu ya tatu walimpa kalenda yenye picha ya pikipiki nyekundu, akaenda nayo nyumbani kufunikia maharage.

Damas alisimamisha baiskeli. Akamtazama kwa muda. Damas ni mzee wa miaka sitini na tatu, mfanyakazi wa zamani wa karakana za Panda, mwembamba, na shati lake limefungwa mpaka kifungo cha juu.

"Uko na mugonjwa?" akauliza.

"Hapana, papa."

"Uko na matanga?"

"Hapana."

"Basi unanipima."

Damas akaingiza mkono kwenye soksi, si mfukoni, kwenye soksi, akahesabu elfu nne na kumpa. Halafu akatoa katoni jingine.

"Yule mwenye kunipima leo, kesho atanipa mingi," akasema. "Ya ngapi sasa?"

"Ya elfu tatu," akasema Marceline.

Kwa kipimo hicho alipoteza faranga elfu sita kwa wote watatu, akiwemo Damas aliyekata chumba chake halali. Halalamiki. "Ile njo ilikuwa minerval yangu," anasema, yaani ada ya shule. "Shule nilimaliza ya sita. Hii njo ya saba."

Lakini kuchagua hakukuishia hapo. Aliipima na zawadi pia. Alikaa na Damas juu ya magunia akamwambia sukari itaisha kwa siku nne, tena Fidèle ana ndugu wapenda chai. Sabuni itaisha kwa wiki. "Papa, weka ile sukari yako. Nikijaza kadi tatu bila pengo, unirudishie vyumba vyangu vya kwanza. Vyote vitatu."

Damas akacheka mpaka akashika mbavu. "Unataka nitembee miezi tatu bure?"

"Hautatembea bure. Nitakuletea bamama kumi ba mufereji. Bale balipotezaka na Elie."

Alileta kumi na wawili. Damas anakiri kwamba hesabu ile ilimfaa. Kabla ya hapo upande huu wa soko hakuna aliyemwita, kwa sababu kadi zake ni mbaya kwa sura.

Saa tano. Mchimbaji mmoja anasimamisha pikipiki na kuchukua magunia kumi na matano. Anavuta moja kwa ngumi zote mbili, kama alivyofundishwa na muuzaji mwenyewe, na anatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mama, na ule mufuko wa shingo unauzaka?"

"Mia tano."

"Nipe mbili. Moya ya karte ya mpiga kura, moya ya bibi."

Mfuko huu ndio mtoto wa hasara ya Elie. Kadi ya kwanza ya Damas ilipoanza kupata alama za vidole, Marceline alikumbuka ile hofu ya zamani. Hakutaka tena kadi ilale kwa mtu mwingine. Akakata kipande safi cha gunia, akakishona pande tatu, akatia kamba. Mvua haiingii, vumbi haliingii, na kadi inalala shingoni mwa mwenyewe.

"Hata ku kitanda anaivaaka," Fidèle amewahi kulalamika mbele ya majirani. "Minye ninalala na kadi. Bibi simuone."

Wiki ya kwanza Émérence aliomba wake. Wiki ya pili wauza unga wakaja. Sasa wanawake zaidi ya arobaini wa soko hili wanavaa mfuko wa Marceline, wengine wenye kitambaa cha bluu, wengine ukiwa bado na maandishi ya kiwanda cha saruji. Kwa mkono anashona minne kwa siku, baada ya magunia. Kwa mashine, Mama Angèle alimwonyesha, ingekuwa thelathini, na gunia lenyewe lingechukua dakika tatu.

Ndiyo maana shingo inageuka.

Saa saba bado hakuna kengele. Wanawake wa mfereji sasa wameacha kutania. Kumi na wawili wale walimfuata Marceline kwa Damas, na kila mmoja anajua hivyo bila kusema. Mmoja anaifungua kadi yake na kuifunga tena. Marceline anashona, ila anashona tundu moja kwa muda mrefu.

"Nikikosa mashini, nitashona na mukono kama jana," anasema polepole. "Lakini hawa niliwaleta minye."

Émérence anamsogezea kikombe cha munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, na anaanza hadithi ambayo wote wanaijua, ya chumba cha samaki.

Ilikuwa siku ya hamsini na nane. Marceline alikuwa na malaria, amelala nyumbani, hakuna gunia lililoshonwa wala elfu tatu. Pengo moja, na vyumba vya kwanza vingepotea. Émérence alitoa elfu tatu kwenye samaki wake, akafunga meza, akaenda mpaka kitandani kwa Marceline, akaivua kadi shingoni mwa mgonjwa aliyekuwa anatetemeka kwa homa, na kumpelekea Damas. Mikono ilikuwa na mafuta ya samaki. Chumba cha ishirini na saba kwenye kadi ya pili kina doa la mviringo mpaka leo, na ukikisogeza puani utajua ni samaki gani.

"Nikamuuliza papa Damas, doa si tatizo?" Émérence anasimulia akiiga sauti ya mzee. "Akasema, mafuta ya samaki hayafute sini yangu. Akaguna, akasema, ila imeniletea njaa."

Wanawake wanacheka. Marceline anacheka mwisho, lakini anacheka.

Saa tisa na robo mbuzi wa kwenye kona anaruka pembeni.

Hakuna kengele. Damas anakuja kwa miguu, anasukuma baiskeli, shati limelowa mgongoni, kifungo cha juu bado kimefungwa. Wanawake wanasimama tu, mmoja baada ya mwingine, mikono kiunoni.

"Mbona munaniangalia kama polisi?" anauliza.

"Papa, saa ngapi?" anasema Émérence.

"Ninajua saa." Anakaa juu ya magunia na kupumua. "Angèle anataka nini? Faranga ao dola?"

"Dola," anasema Marceline. "Mia moja na makumi mbili."

"Na unamujua Angèle."

Soko zima linamjua Mama Angèle. Katika mji huu dola yenye mpasuko wa upana wa ukucha haipokelewi, na Mama Angèle hapokei hata iliyokunjwa. Anaziinua juani, anazipitisha kwenye shavu. Damas, ambaye Marceline alikuwa amemweleza habari ya mashine na bei yake, anasema kwamba tangu asubuhi alikuwa kwa wabadilishaji wa pesa. Wa kwanza alimpa noti iliyochanika pembeni. Wa pili alimpa zilizoandikwa kwa kalamu. Alitembea mpaka katikati ya mji, akarudi, akaenda tena, na njiani tairi likapasuka kweli.

"Nilisema tairi," Émérence anawakumbusha wote.

"Ningekuletea faranga saa tatu," Damas anamwambia Marceline, "saa hii ungekuwa unakimbia ku njia na mufuko wa noti, na ule mushona viti angekutangulia. Haya, leta karte."

Marceline anafungua mfuko wa shingoni. Anatoa elfu tatu ya leo, na Damas anatia sini kwenye chumba cha thelathini na moja, polepole, kama mtu anayeandika jina la mtoto. Kisha anaondoa kiatu. Soksi inatoa noti sita za dola ishirini, zimefungwa kwenye plastiki, zimenyooka.

Hesabu inafanywa kwa sauti ili wote wasikie. Kadi tatu, bila vyumba vya kwanza, ni elfu mia mbili sabini. Kwa bei ya leo ya wabadilishaji, hizo peke yake zisingefika dola mia na ishirini. Zingepungua karibu dola tatu. Damas anaongeza vyumba vitatu vya kwanza, elfu tisa, kama walivyopatana juu ya magunia haya haya. Dola zinatimia, na zinabaki noti tatu za faranga elfu moja.

"Kama ungechukua sukari," anasema Damas, "leo ungekuwa unakunywa chai na kuangalia lori ya Angèle."

Marceline anashika zile noti sita kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika mkate wa moto, kwa sababu ya vumbi. Émérence anamfutia mikono kwa kanga yake, kisha anaona haitoshi. "Ngoja, nitabeba minye. Mikono yangu ni ya samaki tu, Angèle atafikiri ni dola ya ziwa."

Wanakwenda watatu, Marceline, Émérence na Damas akisukuma baiskeli yenye tairi lisilo na upepo. Kwa Mama Angèle vitu vimekwisha kufungwa: magodoro, sufuria ndani ya sufuria. Mashine iko peke yake kwenye baraza, nyeusi, maandishi yake ya dhahabu yamefutika nusu. Mshona viti yuko hapo pia, amekaa kwenye kigoda, anasubiri jua.

Mama Angèle anainua noti juani, moja moja. Anazipitisha shavuni. Ya nne anainusa.

"Hii ilikuwa wapi?"

"Ku soksi yangu," anasema Damas.

Hata mshona viti anacheka. Anasimama, anakung'uta suruali, na kumwambia Marceline kwamba akianza kushona magunia usiku kucha, asimchukulie na kazi ya viti.

"Viti nitaanza mwaka ujao," anamjibu.

Jua bado halijatua wakati mashine inapofika Panda, imefungwa juu ya baiskeli ya Damas kwa kamba za nailoni, Marceline upande mmoja na Émérence upande wa pili. Fidèle, ambaye alikuwa anajiandaa kwenda zamu, anaipokea mlangoni. Analigusa gurudumu lake, anaangalia mfuko shingoni mwa mkewe.

"Sasa ile kadi itatoka ku kitanda?"

"Hapana. Sasa itakuwa na mwenzake."

Marceline ana mpango, na anaueleza kama mtu aliyekwisha kuulalia mara nyingi. Mashine itakaa sokoni mchana na kulala nyumbani. Magunia asubuhi, mifuko ya kadi mchana. Damas amekwisha kuagiza ishirini ya kuwapa wateja wapya mahali pa ile sukari, na atalipa mia nne kila mmoja baada ya kubishana sana. Wanawake wawili wa mfereji, wale waliopoteza zaidi kwa Elie, watafundishwa kushona kwa mashine, mmoja mmoja, mvua zikianza. Kisha mabati manne juu ya sehemu yao ya kazi, ili mvua hizo zisiwafukuze.

"Mabati njo kadi tatu zingine," anasema, na anamgeukia mzee ambaye tayari ameshika usukani wa baiskeli aende zake. "Papa Damas. Leta karte mpya."

"Leo upumzike, mama. Kesho nitakuya saa tatu."

"Na tairi gani?"

Mzee anachomoa katoni kutoka kwenye mkoba. Marceline anamtolea zile noti tatu zilizobaki, elfu tatu kamili. Ni chumba cha kwanza. Damas anatia sini na kumrudishia kadi, na Marceline anaipokea kwa mkono uleule uliofunga kamba za mashine. Anapoitazama, kidole gumba chake kimeacha alama ya kijani juu ya sini, kubwa, na mistari yote inaonekana.

Émérence anainua pembe ya kanga yake aifute.

"Iache," anasema Marceline, na kuitia kadi shingoni.